Shati la Alfajiri ya Pasaka

Belo lilipofunguliwa asubuhi ile Soko Kuu la Songea, watu walilivamia utafikiri wanagawiwa bure. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imeanza kumwagwa, na wanawake waliowahi kukesha foleni kwa doti moja ya khanga sasa walikuwa wanachagua kwa maringo: hili limepauka, hili halina vifungo, hili mpe mama mkwe wako. Odilia aliingiza mkono kwenye lundo akashika shati jeupe pe. Akavuta. Shati halikuja. Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"Kaka, achia."

"Dada, nimelishika kabla yako."

"Wewe umeshika mkono, mimi nimeshika kola. Shati ni kola."

Kijana akaangua kicheko. Alikuwa mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari umesimama, na kwapani amebana tarumbeta lililofungwa kwa kitenge kuukuu.

"Mwanamke na shati la kiume, wapi na wapi?"

"Mimi fundi cherehani. Nalikata, nashonea wanakwaya kola. Na wewe?"

Kicheko kikamwisha. "Mimi nalitaka kwa Pasaka. Sina jeupe."

Alivyolisema hilo neno, Pasaka, Odilia akajikuta ameachia. "Haya, chukua. Ila siku ukilivaa nikuone."

"Utaniona. Naitwa Ramson."

Basi ikawa hivyo. Ramson alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani wa kuzaliwa. Mama yake alikuwa amekuja Songea kuuguzwa naye, akafariki Desemba, mvua imekata barabara, akazikwa hapahapa ugenini. Alimweleza Odilia mara moja tu, kwa maneno machache, kisha akageuza mazungumzo. Odilia hakumchimba. Walikuwa na mengi ya kuchekea.

Kwenye duka la kushonea la Mwanaisha, pale Odilia alipofanya kazi, kulikuwa na simu ya mezani iliyofungwa kufuli. Kupiga hapana, kupokea ruksa. Kila ikilia saa nne Mwanaisha alikuwa anaitikia kwa sauti ya puani: "Subiri, Mngoni wako namwita, ameacha cherehani inakimbia peke yake!"

"Mamii, umekula?" Ramson angeuliza.

"Nimekula nini na wewe hujaleta ndizi?"

"Jioni naleta. Sema ndaga, asante ya kwetu."

"Ndaga," Odilia angesema, kwa matamshi ya Kingoni, na Ramson angecheka mpaka karani mwenzake amgombeze.

Lakini baba yake Odilia, mzee Bartolomeo, alikuwa katekista wa Kikatoliki. Ramson alipokwenda kwao Bombambili kujitambulisha, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kijana, sikukatai. Ila binti yangu hataolewa nje ya Kanisa lake. Ukipokelewa kwetu kwenye Mkesha wa Pasaka, Jumapili inayofuata natangaza ndoa. Usipopokelewa, tusisumbuane."

"Nitapokelewa, baba," Ramson akajibu haraka mno. Hofu ya kumkosa Odilia ndiyo iliyomjibia.

Kwaresima nzima akawa anakaa na mzee kwenye benchi la nje, akifundishwa sala. Odilia akipita na ndoo ya maji anamkonyeza, naye anakosea Salamu Maria. Mzee akaanza kumpenda. Hata chai akawa anamwekea sukari kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi Kuu simu ikalia.

"Odilia."

"Leo hata mamii hakuna?"

"Mamii. Baba yako... akishasema neno, habadilishi?"

"Baba yangu? Huyo ni jiwe. Kwani vipi? Jumamosi unakuja, au siyo?"

"Nakuja, mpenzi."

"Na shati langu?"

Simu ikakatika.

Jumamosi jioni moto ukabarikiwa nje ya kanisa, mshumaa mkubwa ukawashwa, watu wakapokezana mwali benchi kwa benchi. Odilia alisimama na sauti ya kwanza ya kwaya, gauni la bluu, mabega yamejaa kwa mtindo wa mwaka ule, kola nyeupe shingoni. Macho yake yalikuwa mlangoni. Mzee Bartolomeo akaanza kuita wanaopokelewa. Mmoja akasimama, wa pili akasimama.

"Ramson Mwaisumo."

Hakuna aliyesimama.

"Ramson Mwaisumo!"

Mtu akakohoa. Kwenye benchi la mbele nafasi moja ilikuwa tupu, na parokia nzima ikaitazama, kisha ikamtazama Odilia. Jamani, aibu ile! Padre akaendelea na ahadi za ubatizo, waumini wakijibu kila mmoja na mshumaa wake: "Nasadiki!" Midomo ya Odilia haikufunguka. Aleluya, iliyofungiwa Kwaresima nzima, ikapasuka tena kwa vigelegele na ngoma, naye akasimama katikati ya furaha ile akilia machozi ya moto.

Nyumbani mzee hakula.

"Nimekaa na mtu yule kwenye benchi langu. Leo amenivua nguo mbele ya parokia."

"Baba, labda anaumwa."

"Mgonjwa hutuma mtu. Sikiliza, Odilia: ukimfuata, usirudi kwenye nyumba hii."

Odilia hakulala. Alimchukia Ramson, akamlilia Ramson, akamchukia tena. Kulipoanza kupambazuka dirisha likagongwa. Alikuwa Mwanaisha, mtandio kichwani, ametoka kuswali.

"Shoga, amka. Mtu wako nimemwona na begi la safari. Yuko na wenzake, wanaelekea makaburini na matarumbeta yao. Basi la Mbeya linaondoka saa moja."

"Makaburini? Leo Pasaka?"

"Mimi Mwislamu, unaniuliza mimi?"

Odilia akavaa gauni lile lile la jana. Mlangoni akasita, akasikia baba yake anakohoa chumbani. Akatoka. Alikimbia viatu mkononi, matope mpaka magotini, na njiani akapanga matusi yote atakayomtukana.

Aliwakuta Wamoraviani wamesimama kati ya makaburi yaliyofyekwa jana yake, nyuso zao zikitazama jua linakotokea. Ramson alikuwa mbele na tarumbeta lake. Amevaa shati jeupe. Begi liko miguuni. Odilia akafungua kinywa kutukana, na papo hapo mchungaji akafungua kitabu chake.

"Hawa ndio ndugu zetu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Tunawataja mbele ya kaburi lililo wazi la Bwana." Akataja wa kwanza. Akataja wa pili. "Dada Tumpe Mwaisumo, wa Rungwe."

Ramson akainua tarumbeta. Pumzi ikakwama, ikatoka sauti iliyovunjika. Akajaribu tena. Hakuna kitu.

Ni mama yake. Matusi yote yakamtoka Odilia kichwani. Hili ndilo alilolinunulia shati. Tangu siku ya belo.

"Bwana amefufuka!" mchungaji akasema.

"Amefufuka kweli kweli!" Odilia akaitikia kabla ya wote, kwa sauti ile iliyomgomea jana. Ramson akageuka, akamwona. Akafuta midomo kwa kiganja, akapuliza, na safari hii sauti ikatoka mpaka mwisho.

Ibada ilipokwisha alimsogelea bila kumtazama usoni.

"Nilidhani ningeweza vyote viwili. Alhamisi wazee wa kanisa letu wakaniambia, ukihama Jumamosi, Jumapili husimami na matarumbeta. Mama hana mtu mwingine hapa, Odilia. Nani angempigia?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema baba yako ni jiwe. Nilifika mpaka geti la kanisa lenu jana. Nikarudi."

Huko stendi honi ikalia. Ramson akainama kuchukua begi, Odilia akaliwahi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenu sina uso tena. Atanifukuza."

"Na mimi amekwishanifukuza. Twende akatufukuze pamoja."

Basi likaondoka, wakalisikia likipanda kilima. Odilia hakuachia begi mpaka Bombambili.

Mzee Bartolomeo alikuwa mlangoni, kanzu mkononi, tayari kwa misa ya asubuhi. Ramson akapiga magoti matopeni na shati lake jeupe. "Shikamoo, baba." Haikuitikiwa.

"Baba," Odilia akasema, "jina la mama yake limesomwa kaburini leo alfajiri. Ndiyo desturi yao. Yeye ndiye alikuwa wa kumpigia tarumbeta."

Mzee akamgeukia kijana.

"Mama yako amezikwa hapa Songea?"

"Ndiyo, baba. Desemba."

"Kwaresima nzima nimekaa na wewe," mzee akasema polepole, "nimekuuliza amri zote za Mungu. Mama yako sikukuuliza." Akaikunja kanzu, akaifungua, akaikunja tena. "Sijasema ndiyo. Mnanisikia? Mambo ya ndoa ya madhehebu mawili ni ya padre, na padre ana hasira na mimi kwa aibu ya jana. Kwanza nataka nikalione hilo kaburi."

"Sasa hivi, baba?" Odilia akauliza.

"Baada ya misa. Inuka, kijana, unachafua shati. Marahaba. Ingia unywe chai, na hilo tarumbeta usiliache nje."