Kengele ya Mkanda

Kengele ya mkanda ilianza kulia Ponsiano akiwa peke yake ndani ya gari. Ni ile kengele ndogo ya kumkumbusha abiria wa mbele afunge mkanda, ting, ting, ting, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya mtu aliyekaa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Ponsiano akacheka. Gari la Kijerumani lililozeeka kiasi kile, lingeacha lini kulalamika?

Kusema kweli, gari lile lilikuwa limemkamua. Mwalimu wa sekondari kutoka Muleba, amepangiwa Kenyamonta, angeweza kununua kigari cha Kijapani kama wenzake, ambacho spea zake utazikuta hata kwenye duka la sukari. Lakini mwaka juzi mkewe Editha alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye bodaboda kwenda hospitali ya Mugumu, na barabara ile mbovu ikawanyang'anya mtoto kabla hawajafika. Tangu siku hiyo Ponsiano alitaka gari zito, gari lisilorusha mtu. Sasa Editha alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshashuka, na gari linakula mshahara. Leo linavuja oili, kesho rejeta inachemka, keshokutwa kioo kinadondokea ndani ya mlango na kugoma kupanda. Taa ya injini ilikuwa inawaka tangu siku ya kulinunua. Muuzaji alimwambia ni urembo.

Fundi wake wa Sirari, Mniko, ndiye aliyepata dawa. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na gari pacha wa lile, limepondeka ubavu mzima, amelinunua kama chuma chakavu. Pampu ya maji ikatoka pale. Feni ikatoka pale. Mwisho kikatoka kiti cha mbele, maana cha Ponsiano kilikuwa kimekwama wima na Editha asingeweza kukikalia na tumbo lile.

"Spea za gari moja zinaelewana, mwalimu," Mniko alisema huku akifuta mikono. Hakumtazama usoni.

"Mbona kimelowa?"

"Mvua tu hiyo. Kitakauka."

Ponsiano akiwa njiani kurudi Kenyamonta, kwenye mlima, gari lilizima. Alipowasha likakohoa, alipowasha tena halikukohoa hata hicho kikohozi. Ponsiano akapapasa usukani, akalibembeleza kama madereva wanavyofanya wasipokuwa na mtu wa kuwacheka.

"Haya mama, basi. Twende nyumbani."

Injini ikashika palepale. Na ndipo kengele ilipoanza.

Kiti hakikukauka. Alikianika juani kutwa nzima, jioni akakikuta kinachuruzika, kinanuka tope la mto. Mniko akamwambia kwa simu kwamba hiyo kengele ni sensa ya kuhisi uzito wa abiria, achomoe waya chini ya kiti. Alichomoa. Kengele ikaendelea kulia kana kwamba hakugusa kitu.

Jioni moja walikuwa mezani, jua halijazama vizuri, ufunguo wa gari uko kando ya bakuli la mboga. Ting, ting, ting, ikasikika kutoka uani. Editha akarudisha tonge kwenye sahani.

"Ponsi," alinong'ona. "Kuna mtu kwenye gari."

"Ni sensa, mke wangu."

"Sensa inalaza kiti?"

Ponsiano akageukia dirishani, na pale uani, ndani ya gari alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe, akakiona kile kiti kikirudi nyuma polepole, kidogo, kisha kidogo tena, kama kinavyolazwa na mtu aliyechoka anayetafuta namna ya kuegemeza mgongo unaouma, mpaka kikalala kabisa, na kioo cha upande ule kikaanza kupata ukungu kwa ndani. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Asubuhi akamwita jirani yao, mama Waisiko, bibi aliyezalisha nusu ya kata ile kabla zahanati haijajengwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi hakuligusa gari. Alinusa tu, uso ukabadilika. "Wewe mura, kijana wangu, hiki kiti umekitoa wapi?"

Ponsiano akampigia Mniko, akaweka spika. Fundi alikana kidogo, kisha sauti ikamlegea. Mle kwenye gari bovu alifia mama mmoja. Alikuwa na uchungu, amesimama barabarani anaomba lifti ya kwenda hospitali, dereva akamhurumia, mto uliofurika ukawazoa. Dereva aliogelea. Mama hakuna aliyemjua, akazikwa bila ndugu wala jina.

Waisiko akakaa chini kwenye jiwe.

"Kwetu mtu akifia njiani, wazee wanaenda palepale alipofia. Wanamwita. Wanamwambia, twende nyumbani. Huyu hakuitwa na mtu, amekaa kwenye hicho kiti anasubiri. Wewe ulimwambia nini?"

Ponsiano akakumbuka maneno yake kule mlimani: twende nyumbani.

"Mtoe, mama. Nakuomba."

"Nimpeleke wapi? Anayetolewa anaambiwa kwao ni wapi. Wewe unapajua kwao?"

Watu wa pwani wangesema ni jini, wakamtafutia ubani. Waisiko alisali rozari yake, akamwaga maziwa kuzunguka matairi, akaagiza kiti kirudishwe Sirari kesho yake na Editha asilikaribie gari lile kabisa.

Lakini mtoto hakungoja kesho. Mchana uleule mvua ilishuka ya kufunika macho, na uchungu ukamkamata Editha kabla ya wakati wake. Hakuna bodaboda aliyekubali kuingia kwenye tope lile. Waisiko alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa: mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Wakamlaza Editha siti ya nyuma, kichwa mapajani kwa bibi. Ponsiano akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena.

"Ponsi," Editha alisema, sauti imekwisha. "Na huyu naye atakufa."

Ponsiano alitazama kiti kilicholowa. Alijua anachofanya, na alikifanya.

"Mama," alinong'ona, "mwenzako ana uchungu. Tufikishe hospitali. Nitakurudisha nyumbani."

Waisiko akapiga ukelele wa kumzuia, lakini injini ilikuwa imeshashika, na kengele ikaanza, ting, ting, ting, ikalia mteremko wote, ikalia kwenye utelezi ambapo magari mengine yalikuwa yamelala mtaroni, na walipofika kwenye kivuko ambacho maji yalishapanda juu ya barabara ikalia haraka haraka kama moyo, harufu ya tope ikajaa mpaka wakashindwa kuvuta pumzi, na Ponsiano akahisi usukani umeshikwa na nguvu isiyo yake, umenyooka, hautikisiki, mpaka wakatokea ng'ambo.

Alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Waisiko alipiga goti kwenye korido, akatoka nje kwenda kuomba peke yake. Ponsiano aliporuhusiwa kuingia wodini machozi yalimtoka bila kujificha.

"Yuko wapi yule dada?" Editha aliuliza.

"Dada gani?"

"Tuliyekuja naye, si alikaa mbele? Nywele zimelowa chapachapa. Nilipozimia ndiye aliyembeba mtoto, nimezinduka bado amembeba. Alikuwa hataki kumwachia." Editha akatabasamu kwa uchovu. "Anampenda huyo! Amesema anatangulia kwenye gari. Eti umemwahidi nyumbani."

Ponsiano akaigusa khanga aliyofungiwa mtoto. Ilikuwa imelowa, na ilinuka tope.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Kutoka kwenye maegesho, chini ya dirisha, kengele ililia, ting, ting, ting, kisha ikanyamaza, kama inavyonyamaza abiria akishafunga mkanda.