Pazia la Darasa la Kwanza

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alimsindikiza mdogo wake hadi mlangoni mwa darasa la kwanza, akamfunga kamba za viatu, kisha akakimbilia darasa la sita. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa sababu hakuchoka kusema wala kuimba, na kwaya ya shule aliiongoza yeye. Asubuhi moja, mdogo wake aligoma kuingia.

"Dada, ukuta unakoroma," alisema, ameng'ang'ania sketi yake.

"Ukuta hauna pua, utakoromaje?"

"Unakoroma! Kasikilize mwenyewe."

Chiriku aliingia. Kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na ufa ambao watoto waliuita Mdomo. Ulikuwa mwembamba kama unywele wakati yeye mwenyewe akisoma darasa hilo, lakini sasa mkono ungepita. Watoto watundu walitumbukiza vipande vya chaki humo, wakasikiliza vikianguka huko ndani. Alitega sikio. Upepo ulipopita juu ya bati, kitu kilisagika ndani ya ukuta, polepole, kama mtu anayesaga meno usingizini. Vumbi likammwagikia shingoni.

Alikwenda kumwambia mwalimu wa darasa hilo. Mwalimu alitazama mlangoni kwanza, kisha akashusha sauti.

"Najua, na Mwalimu Mkuu anajua. Kesho kutwa wanakuja wakaguzi kutoka wizarani. Wakishaondoka, tutaona."

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake, fundi cherehani, amezama katikati ya kitambaa kikubwa cha buluu.

"Mama, hilo gauni ni la nani? La tembo?"

"Hebu niondolee utani, nina haraka. Ni pazia la shule yenu. Mwalimu Mkuu anataka lifunike ukuta wote wa nyuma wa darasa la kwanza."

Kicheko kilimkauka Chiriku. "Ukuta wa nyuma hauna dirisha, Mama. Una ufa."

Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali. Alimtazama mwanawe mdogo, aliyekuwa sakafuni akichezea vifungo. "Mwalimu Mkuu ni mtu mzima," alisema hatimaye, "hawezi kukosa sababu." Akaendelea kushona.

Siku iliyofuata shule iligeuka. Madawati mazima yaliazimwa shule ya jirani, na yaliyovunjika yakafichwa nyuma ya vyoo. Kuta zilipakwa chokaa. Mwalimu Mkuu alizunguka akiwakaririsha wanafunzi: "Mkiulizwa shida zenu, mnajibuje?"

"Hatuna shida, tunashukuru!"

"Mwalimu," Chiriku aliuliza, "na Mdomo je?"

Mwalimu Mkuu alimvuta pembeni. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Binti yangu, nani anamtandikia mgeni shuka lililotoboka? Wakiuona ufa ule, wataifunga shule. Mtatembea hadi wapi kusoma? Wewe na kwaya yako mtasimama mbele ya pazia. Mwimbe, na msisogee."

Siku ya ukaguzi, wingu zito lilikaa juu ya shule tangu asubuhi. Wakaguzi waliingia darasa la kwanza wakiongozwa na afisa mmoja, mama mnene mwenye miwani. Watoto wadogo walikaa kwenye madawati ya kuazima. Mdogo wake Chiriku alikuwa safu ya mwisho, karibu kabisa na pazia. Kwaya ikaanza kuimba, na upepo nao ukaanza.

Mgongoni pake Chiriku alihisi pazia likipumua. Likajaa, likanywea. Halafu ukuta ukakoroma, mara hii kwa sauti kubwa kuliko wimbo. Kitu kizito kilianguka nyuma ya pazia.

"Nini hicho?" afisa aliuliza.

"Panya, mheshimiwa," Mwalimu Mkuu alijibu upesi. "Wanatusumbua kweli." Watu wakacheka.

Afisa hakucheka. Alimtazama Chiriku. "Wewe kiongozi wa kwaya, hebu niambie, shule yenu ina shida gani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, maneno matatu tu. Chiriku alimwona mdogo wake ameziba masikio kwa viganja, amefumba macho. Aliona pia uso wa Mwalimu Mkuu ukimsihi.

"Si panya, mama," alisema. "Ni ukuta. Tafadhali, watoeni watoto kwanza."

Akalivuta pazia.

Mdomo ulikuwa umefika kwenye paa, na tofali moja lilikuwa limelala sakafuni. Afisa alinong'ona, "Watoeni. Taratibu, wasikimbie." Watoto walitoka mmoja mmoja, wameshikana mikono. Mhandisi aliyefuatana na wakaguzi alizunguka nje, akausukuma ukuta kwa mti mrefu. Hakutumia nguvu nyingi. Ukuta uliinama ndani, ukalala juu ya madawati ya nyuma kwa kishindo kilichowaliza watoto.

Mwalimu Mkuu alikaa chini kwenye vumbi, amejishika kichwa. "Niliogopa mtatufungia shule," alisema.

"Mwalimu," afisa alimjibu, "kodi wanayolipa wananchi, hata anaponunua mtu sabuni, ndiyo inayoendesha shule hizi. Fungu la vitabu na chaki tunagawa kwa idadi ya wanafunzi. Fungu la ukarabati linaanzia kwenye shule zilizo katika hali mbaya zaidi. Kila tukija hapa tunakuta chokaa mpya na madawati mazima, kwa hiyo shule yako tunaiweka mwisho. Mmekuwa mkijinyima wenyewe."

Fungu halikuja kesho yake. Lilibidi liingie kwenye bajeti, na kwa miezi mingi darasa la kwanza lilisomea katika ofisi ya walimu, huku walimu wakisahihisha madaftari barazani. Lakini lilikuja. Matofali yaliposhushwa, Mwalimu Mkuu aliwakusanya wanafunzi wote na wazazi.

"Mlinisikia nikiwafundisha kusema hatuna shida," alisema. "Niliwafundisha uongo, na uongo huo ulikaribia kuwaua wadogo zenu. Serikali inatoa pale inapoona haja, na haja iliyofichwa haionekani. Kuanzia leo, mgeni akiuliza, mwambieni ukweli, hata mimi nikiwa nimesimama hapo."

Kisha akamgeukia Chiriku mbele ya watu wote. "Nilikwambia usisogee, binti yangu. Ahsante kwa kusogea."

Mama yake Chiriku, aliyekuwa amesimama miongoni mwa wazazi, alifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akainama, akaokota tofali la kwanza, akalipeleka kwa mafundi.