Kibati Sikioni mwa Punda

Kila alasiri baada ya madrasa, Ibtihal alimsaidia shangazi yake, Bi Swafiya, katibu wa chama cha wenye punda mjini Amu, kisiwani Lamu. Kwa kuwa punda wa Amu huzurura vichochoroni bila mtu, siku ya chanjo kila mmoja alivishwa kibati chenye namba sikioni. Ibtihal akapewa kazi ya kuingiza namba zote na majina ya wenyewe kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja. Aliimaliza upesi, akajivuna kweli kweli.

Wiki hiyo punda mmoja alimpiga teke mtoto Ubaid, akamvunja taya, kisha akatimka. Muuza samaki aliwahi kusoma kibati: arobaini na moja. Faiz, kaka yake Ubaid, alikuja ofisini na damu ya mdogo wake kwenye shati. Kompyuta ikamtajia Bwana Dawud.

Faiz hakuuliza la pili. Alimkuta Bwana Dawud akipakua mchanga mashuani, akamchapa bakora usoni.

"Punda wangu yuko kisiwani Manda!" mzee alilia.

Bakora ikashuka tena. Meno yakamtoka, mkono ukavunjika, na alipoanguka Faiz akamkanyaga mbavu. Ulikuwa unyama mtupu.

Wana wa Dawud walipokuja na mapanga, Faiz alikimbilia ofisini. Bi Swafiya akakomea mlango. Panga la kwanza likazama katika mbao.

"Tupishe ndia, Bi! Punda wa baba yuko Manda! Leo atatoka maiti!"

Ibtihal aliigeukia kompyuta. "Shangazi, kama punda wake yuko Manda, labda kompyuta imekosea."

"Angalia wengine!" alisema Bi Swafiya, mgongo wake ukiuzuia mlango.

Ibtihal alitafuta kibati cha punda wa kwao. Kompyuta ilisema ni wa Bwana Amini! Akafungua orodha ya siku ya chanjo, iliyoandikwa kwa mkono, akalinganisha. Hapo akakumbuka: alikuwa ameyapanga majina kwa alfabeti ili yapendeze, lakini alichagua safu ya majina peke yake. Namba zilibaki palepale. Karibu kila punda alipewa mwenyewe asiye wake.

"Ni mimi, shangazi," alisema akilia. "Nimeyavuruga mimi."

"Utalia baadaye. Arobaini na moja ni wa nani?"

"Wa Bwana Jamaludin. Babake Faiz."

Bi Swafiya alilisoma jina hilo kwa sauti. Nje, wana wa Dawud wakateremsha mapanga: jina la baba yao lilikuwa limesafishwa. Faiz aliteleza ukutani hadi sakafuni.

"Punda wetu," alisema. "Punda wetu wenyewe!"

Kesho yake Ibtihal alifuta rekodi zote, akaziingiza upya, kila jina na namba yake, kisha akapita mitaani akiwauliza wenye punda kabla ya mtu yeyote kuzitumia. Jioni yeye na shangazi yake walikwenda hospitalini, wakamkuta Faiz kando ya kitanda cha Bwana Dawud.

"Ibtihal, kazi isiyohakikiwa haijakwisha," alisema Bi Swafiya. "Nawe Faiz, kompyuta ilikupa jina tu. Bakora uliichukua mwenyewe."

Faiz alichota uji kwa kijiko, akaupuliza, akamlisha Bwana Dawud.