Cheni Iliyokatwa Fupi

Kila alasiri Bimsara Ale alitua mkoba wa shule, akala mchele wa kupondwa, ule unaoliwa bila kupikwa, kwa achari ya viazi, kisha akakimbilia karakana ya Mjomba Tulbir, juu kidogo ya soko la mji wa Tansen. Hakuwa mjomba wake wa damu. Wasichana wote wa klabu ya baiskeli walimwita hivyo. Bimsara alikuwa na miaka kumi na mitatu na mkono mwepesi wa kutengeneza baiskeli, na sifa zilikuwa zimeanza kumlevya.

Klabu ilikuwa na baiskeli moja tu yenye shokapu mbele na nyuma. Katika mashindano ya Jumamosi angeipanda rafiki yake, Junu Rana. Mshindi angeingia kambi ya vijana waendesha baiskeli kule Kathmandu, mji mkuu. Junu alikuwa na miaka kumi na minne, na mwakani umri usingemruhusu tena.

Ijumaa Mjomba alimpa Bimsara cheni mpya aikate.

"Toa upepo kwanza kwenye shokapu ya nyuma," alimwambia. "Ikandamize mpaka chini, ndipo uzungushe cheni kwenye duara la meno la mbele na lile kubwa kabisa la nyuma, upime. Shokapu ikizama, gurudumu husogea nyuma na cheni hutaka urefu zaidi. Umenisikia, binti?"

"Nimesikia, Mjomba."

Kusikia alisikia. Lakini upepo ukitolewa sharti urudishwe, kwa pampu ndogo, zaidi ya mara mia, na nje wenzake walikuwa wakimwita kwenye bembea ya mianzi ya sikukuu. Akapima baiskeli ikining'inia tu kwenye stendi. Cheni ilikaa vizuri. Akaikata.

"Uliikandamiza?" Mjomba aliuliza baadaye.

"Ndiyo."

Jumamosi Junu aliongoza mpaka mwinuko wa mwisho. Alipanda kwa gia nyepesi, cheni ikiwa kwenye duara kubwa kabisa la meno la nyuma, na alipofika juu akaziteremka ngazi za mawe papo hapo bila kubadilisha gia. Shokapu ikazama. Cheni ikakaza, ikaunyofoa mkono wa gia ulio kwenye gurudumu la nyuma, na Junu akabingirika. Aliinuka akichechemea, akaisukuma baiskeli hadi mwisho. Alikuwa wa mwisho.

"Nani anashuka ngazi na gia ya kupandia?" Mjomba alifoka karakanani. "Mara ngapi nimesema, badilisha kwanza? Baiskeli hii sasa ataipanda mwingine!"

"Ni kosa langu, Mjomba," Junu alisema, machozi yakimdondokea gotini palipochubuka. "Nisamehe."

Bimsara alijificha nyuma ya stendi, akijifanya anapanga spana. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu Junu alikuja na helmeti yake mkononi.

"Mpe anayejua kuendesha," alimwambia Mjomba. "Mimi basi tena."

"Mjomba, sikutoa upepo," Bimsara akasema. "Nilikudanganya."

Mjomba aliichukua baiskeli. Aliifungua cheni, akatoa upepo kwenye shokapu, akaikandamiza baiskeli mpaka chini, akapima. Ncha zilipaswa kupishana pingili mbili. Hata kufikiana hazikufikiana.

"Kumbe siyo mimi," Junu alisema polepole. Akamgeukia Bimsara. "Siku tatu, Bimsa! Siku tatu unaniangalia nikijilaumu?"

"Niliogopa utanichukia."

"Sasa unadhani nakupenda?"

Bimsara alilia, na hakuna aliyembembeleza.

"Junu, nami unisamehe," Mjomba alisema. "Nilikulaumu kabla ya kupima. Chukua helmeti yako, baiskeli ni yako." Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya Bimsara. Hasira ilikuwa imemtoka. Alionekana amechoka tu.

"Kukosea si ajabu, binti. Mimi mwenyewe nimekata cheni fupi. Lakini fundi akidanganya, anayeanguka ni mtu mwingine. Umefanya vyema kusema leo, maana umemrudishia mwenzako jina lake. Kambi hatuwezi kumrudishia, si mimi wala wewe. Nilipokuuliza Ijumaa, cheni nyingine ilikuwa pale ukutani. Ungesema ukweli siku ile, leo Junu angekuwa anafunga mizigo ya Kathmandu."