Nilikirekebisha Kile Kisanduku kwa Mkono Wangu

“Kumbe unataka kukaa mapokezi.”

Mume wangu aliniambia hivyo akiwa bado hajavua viatu. Siku hiyo aliwahi kurudi, jua bado kali.

Jamani… neno mapokezi sikuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile. Si kwake, si kwa mama yake, si hata kwa ndugu zangu. Nilikuwa nimeliandika mara moja tu, kwenye barua ya kuomba kazi.

Akaanza kunisomea kwa kichwa. “‘Nina uzoefu wa kupokea wagonjwa na niko tayari kuanza mara moja.’ Umeandika vizuri, mke wangu.”

Ilikuwa barua yangu, neno kwa neno!

Nikakaa chini.

“Usijisumbue na usaili wa kesho,” akasema. “Nimeshawaandikia kwa jina lako kwamba umebadilisha mawazo.”

Halafu akaenda kuoga. Hakupandisha sauti hata kidogo. Wenzangu, bora mtu anayefoka, maana huyo unajua ameanzia wapi na ataishia wapi.

Sasa ngojeni niwaambie alijuaje, maana hapo ndipo nilipojiona mjinga wa kutupwa.

Kabla ya ndoa nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya macho. Nilipenda kazi yangu. Nilikuwa namjua mgonjwa kwa kikohozi kabla hajaingia mlangoni. Baada ya ndoa akaniambia nipumzike kidogo. Nikapumzika. Ile kidogo ikawa miaka.

Simu yangu kubwa ilipovunjika kioo, akanipa ya vitufe, akasema hela ya nyingine atatafuta. Nikitaka kwenda hata dukani, nimwambie kwanza, halafu nisindikizwe na mama yake. Mama mkwe wangu alihamia kwetu muda mfupi baada ya harusi, na tangu hapo kiti chake ni kile cha sebuleni, mkabala na mlango.

Nilimwita Mlinzi. Moyoni lakini, mdomoni nilisema “shikamoo mama” kama kawaida.

Siku moja mume akaleta kompyuta. Akaiweka mezani pale sebuleni, akanibusu, akasema, “Jifunze kushona kupitia video. Huna haja ya kutoka.”

Nikashukuru mno. Mimi na cherehani wapi na wapi? Nilichokiona pale ni dirisha la kutokea. Nikatafuta kazi kimyakimya, na kliniki moja ya meno ikanijibu. Wakataka kunisaili kwa video, Alhamisi.

Mnaelewa? Ile kazi kwangu haikuwa mshahara tu. Ilikuwa ni kuvuka kizingiti bila kuomba ruhusa.

Tatizo likawa moja. Kisanduku.

Kila ukiwasha kompyuta, paa! Kisanduku cheupe katikati ya kioo: “Usakinishaji haujakamilika. Faili halipatikani.” Unakifunga, unaandika mistari miwili, kinarudi. Unakifunga tena, kinarudi tena, king'ang'anizi kuliko mdai. Na kikitokea, kila kitu kinaganda mpaka ukihudumie.

Nikamwambia mume. Akasema mashine ina kasoro ndogo, nisibonyeze chochote, yeye mwenyewe atashughulikia akipata nafasi. Nafasi yenyewe haikupatikana.

Na Mlinzi naye! Kila mara kisanduku kikitoa ule mlio wake, ananyanyuka, anakuja kuchungulia begani kwangu.

“Bado kinatokea?”

“Bado, mama.”

“Haya.”

Anarudi kitini, roho kwatu. Nilikuwa nachemka! Nikasema huyu bibi anafurahia mateso yangu.

Jumatano asubuhi nikapiga hesabu za kichwa: kesho nikiwa kwenye video na bosi wa kliniki, kisanduku kikaibuka, sauti ikaganda, basi kazi imekwenda na maji. Mama mkwe alipoingia kuoga, nikampigia fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, tunamwita Waya. Kuja nyumbani ilikuwa haiwezekani, unadhani ningemweka wapi? Akanielekeza kwa simu.

Akanieleza taratibu. Kuna programu mtu alianza kuiweka humo, ikaishia njiani kwa sababu faili lake la kuwekea limefutwa. Sasa kila kompyuta ikiamka inalitafuta imalize kazi, hailioni, ndiyo inapiga kelele. Akasema njia ni mbili, kuing'oa kabisa au kuipa faili lake. Kuing'oa ilitaka nywila ya mume.

“Ukilipata hilo faili, lioneshe, litanyamaza lenyewe,” akasema.

Nikakumbuka flashi kwenye droo ya mume. Nikaichomeka, na kweli faili lilikuwemo, jina lilelile. Nikabonyeza alivyoniambia. Mstari wa kijani ukatambaa kutoka kushoto mpaka kulia, ukafika mwisho.

Kimya!

Nilicheza pale sebuleni peke yangu, naapa. Nikafungua barua pepe yangu, nikaweka nywila, nikaisoma upya ile barua yangu ya maombi nijiandae kwa maswali. Nikaandika na majibu. Sikusumbuliwa hata mara moja.

Mama mkwe alipotoka kuoga alipitiliza chumbani kujilaza, akarudi sebuleni alasiri. Akaketi, akasikiliza. Akanitazama.

“Leo hakijatokea?”

“Nimekirekebisha, mama.”

Rangi ilimtoka. Akashika mkono wa kiti, akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeniambia nikirekebishe. Kabla sijajibu, tukasikia gari la mwanawe likisimama nje.

Hapo ndipo alipoingia na yale maneno ya mapokezi.

Sasa mume yuko bafuni anaoga, mimi nimekaa chini, machozi yananitoka bila kupiga kelele. Kuta zote nne zilikuwa zake. Hata maneno niliyoyaandika kwa siri yalikuwa yake.

Mama mkwe akainama sikioni kwangu.

“Ile programu inampelekea kazini kila unachoandika, hata nywila ya kufungulia barua zako. Aliniambia mwenyewe siku anaiweka, akijua mimi mzee, sielewi. Alipotoka kwenda kuongea na simu, nikalivuta lile faili nikalitupa kwenye kapu la taka, kama alivyonifundisha kufuta picha. Kile kisanduku ndicho kilichokuwa kinaniambia kwamba hajakuona bado.”

Kumbe kila “bado kinatokea?” alikuwa ananilinda! Na mimi, kwa mikono yangu miwili, nikaenda kumfungulia mlango mwanawe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Ungemuuliza. Angejua ni mimi, angenirudisha kwangu, ukabaki naye peke yako. Mwanangu, mimi sikuhamia hapa kumfuata yeye. Nilikuja kukaa na wewe.”

Akaniambia kuhusu marehemu baba mkwe. Enzi zao kompyuta haikuwepo, hivyo alimtumia mtoto. Kila jioni alimpakata, anampa pipi, anamuuliza leo mama ameongea na nani. Mtoto mwenyewe ndiye huyu mume wangu.

Akanipa simu yake. Nikaipigia kliniki pale pale. Dada aliyepokea akasema barua ya kujitoa wameipata, imewashangaza, ila nafasi haijajazwa. Kama bado naitaka, nije mwenyewe sasa hivi, daktari yupo mpaka jioni.

Nikachukua mkoba. Mume akatokea, akasimama mlangoni, maji yanamdondoka vidoleni.

“Mama, usiingilie. Huyu ni mke wangu.”

“Na mimi nilikuwa mke wa baba yako,” mama akasema. “Unakumbuka ulivyokuwa unashindwa kunitazama machoni, ukishamaliza kumwambia habari zangu?”

Midomo ikamcheza, akawa kama mtoto kweli. Kisha akasogea pembeni. Tukapita wote wawili, mimi mbele, mama nyuma yangu.

Dada unayesoma hapa, mtu akikupa kitu cha kukurahisishia maisha halafu akakukataza kujua kilichomo ndani, jiulize ni maisha ya nani yanayorahisishwa. Na yule unayemwona mlinzi wako ndani ya nyumba, siku moja mkalishe chini umuulize anamlinda nani.

Kazi niliipata. Ndoa ilikwisha. Watu wananishangaa, eti iweje mtu aachane na mume abaki na mama yake. Waache washangae. Tunaishi chumba na sebule, mimi na mama mkwe wangu, na kila asubuhi yeye ndiye anayenigongea mlango nisichelewe kazini.