Pembe Aliyoinyanyua Kalunde

Zama zile pembe za ndovu ziliposafiri mabegani mwa watu kutoka Unyanyembe hadi pwani, hapakuwa na kipande cha njia kilichoogopwa kama mbuga za Ugogo mwishoni mwa kiangazi. Jua la huko halichomi, linakaanga. Na mwaka huo lilizidi. Visima vilikauka, na wapagazi waliotoka kwao wakiimba sasa walitembea kimya, midomo imepasuka.

Mbele yao alitangulia Lugendo, kirangozi wa msafara, mwenye joho jekundu na kilemba cha ngozi ya mbega. Pembe ya ndovu aliyoibeba ilifungwa kengele nchani. Mwiko ulijulikana na wote: kirangozi akitua, wote hutua, na hakuna anyanyuaye mzigo kabla kengele ile haijalia. Aliyethubutu alihesabiwa kuwa ameualika msiba. Mwanamke hakuigusa pembe hiyo hata kwa kuifuta vumbi.

Nyuma yake alifuata mkewe, Kalunde, na chungu chake kichwani. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Ndiye aliyeona, jua lilipofika utosini, kwamba mumewe ameacha kutoka jasho.

Walipofika kwenye mto wa mchanga usio na tone la maji, Lugendo alitua. Watu wakashukuru. Kingo zilikuwa ndefu, chini yake kivuli, na katika mchanga wa mito kama ile maji hupatikana kwa kuchimba. Lugendo akajilaza, akaanza kuzungumza na mama yake aliyekwisha kufa. Kalunde alimvua joho, akamfunika nguo aliyoilowesha kwa maji ya mwisho ya chungu chake, akachimba kando yake mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Akapata maji, akamnywesha kwa kiganja. Alipochota tena akaona ajabu: kadiri alivyochota, maji yalipanda, nayo yalikuwa mekundu. Sisimizi walitoka mchangani na mayai yao vinywani, wakaukwea ukingo.

Juu yao hapakuwa na wingu. Lakini mbali, upande wa milima ya Uhehe, mbingu ilikuwa nyeusi kama tako la chungu.

Akamwendea Kasanda, nyampara wa wapagazi na mdogo wa mumewe, akamwambia kwamba mvua imenyesha kwa wengine, ila maji yake yanakuja kwao.

"Dalili ya mvua ni mawingu, shemeji, nasi hatuna hata moja," alisema Kasanda. "Lile ni la Wahehe. Likitaka kupita hapa litoe kwanza hongo ya njia kwa watemi wa Ugogo, kama sisi."

Wapagazi walicheka kwa koo kavu. Kalunde akarudia taratibu, wapande ukingoni. Hapo Kasanda aliacha mzaha. Akamkumbusha kwamba pembe ya kirangozi imelala, na ikilala msafara umelala. Mwaka mmoja watu waliponyanyuka kabla ya kengele, ndui iliwafagia. Hakusema kwa ubaya. Aliamini.

Kalunde alipopiga magoti kando ya mumewe, mchanga ulikuwa unatetemeka. Lugendo alikuwa amefumbua macho, na safari hii macho yalimjua.

"Mto huo nausikia," alisema. "Inua pembe."

"Nakunyanyua wewe kwanza."

"Ukinivuta mimi, watasema mke anamhamisha mgonjwa wake. Watakaa papo hapo. Hawanifuati mimi, Kalunde. Wanaifuata pembe."

"Na mwiko?"

"Mwiko ni wangu, nimeufungua. Nenda, mke wangu."

Kalunde akamtazama kwa kitambo ambacho baadaye, maisha yake yote, alikiona kuwa kirefu mno. Kisha akaitia pembe begani, akasimama. Kengele ikalia.

Wapagazi waliamka na mizigo yao kabla ya kutazama ni nani, maana miguu yao ilifunzwa hivyo. Walipoona ni mwanamke, baadhi walipiga yowe la hofu; lakini walikwisha kujitwisha, na kengele ilikuwa inapanda ukingo. Wakaifuata. Kasanda alikuja wa mwisho, akimtukana.

Kalunde aliibwaga pembe juu, akageuka kushuka. Maji yalitokea kwenye kona kama ukuta unaotembea, yamebeba miti na mizizi yake. Kasanda, matusi yakiwa bado kinywani, alimkamata kiunoni. Chini palikuwa na povu jekundu tu.

Hakufa mwingine. Waliporudi kwao, hata hivyo, wazee wa ukoo walitaka kujua nani aliyeivunja miiko mpaka kirangozi akaliwa na mto, na mama mkwe alikwisha kumtolea Kalunde mkeka nje, kumfukuza. Ndipo Kasanda, aliyevishwa kilemba cha mbega kama kirangozi mpya, akatunga wimbo: kwamba Lugendo, mgonjwa hivyo, alisimama mwenyewe, akainua pembe, akawapandisha watu wote ukingoni, kisha akarudi kuwatazama waliosalia. Wapagazi waliokuwapo waliuimba kwa nguvu kuliko wote. Wazee wakaiacha kesi. Mkeka ukarudishwa ndani.

Njia ya pwani iliuhifadhi wimbo huo, na haikuhifadhi kingine. Wanawake wa Unyanyembe waliutwangia nafaka. Kalunde aliitikia pamoja nao kwa sauti ya chini, mchi ukipanda na kushuka. Na walipofika penye jina la mumewe alinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake atangulie.