Pistoni ya Kwanza Yatoweka

Mary Wesonga, mpokea wageni wa kiwanda cha pistoni mjini Eldoret, ndiye aliyegundua wizi. Jumamosi asubuhi alifungua ukumbi uliopambwa kwa sherehe ya kumbukumbu ya kiwanda, akakuta kabati la kioo tupu. Pistoni ya kwanza kutengenezwa pale ilikuwa imetoweka, pamoja na kadi iliyoeleza historia yake.

Meneja, Cyril, aliita polisi. Inspekta Nabalayo alifika kabla ya saa tatu, akapiga magoti mbele ya kabati. Kufuli lilikuwa zima. Kwenye sakafu iliyopakwa nta jana jioni, kando ya alama za viatu, viduara vidogo vilifuatana hadi mlangoni.

Cyril alimshuku Kituyi, mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyeonekana uani jana yake. Lakini bawabu alithibitisha kwamba Kituyi aliondoka kabla sakafu haijapakwa nta. Basi Cyril akamgeukia Mary. Funguo za kabati zilikuwa mbili tu: mmoja wa Mary, mwingine wa Mzee Kipyego, mwanzilishi wa kiwanda. Tena Mary alikuwa amelalamika kwamba kadi ilimsifu Kipyego kwa kutengeneza pistoni ile, ilhali aliyeitengeneza ni baba yake.

Mary hakukana kulalamika.

"Lakini sikuichukua, Madam," alisema. "Hii kazi ndiyo inalisha wazazi wangu."

Nabalayo aliwaza kuhusu kadi. Mwizi wa chuma hana haja na karatasi. Aliyeichukua hakutaka maneno ya kadi yasomwe. Na vile viduara vilikuwa alama za ncha ya mkongojo, ilhali Mary alitembea bila mkongojo.

Mzee Kipyego aliingia saa nne, akiegemea fimbo yenye mpira chini. Nabalayo alimwonyesha vile viduara.

"Mzee, pistoni iko wapi?"

"Iko mjini Turbo," alijibu bila kusita. "Iko mikononi mwa aliyeitengeneza."

Kisha akakaa, akaeleza. Mwaka pistoni ile ilipotengenezwa, vipuri kutoka nje vilikosekana, malori ya mahindi yakakwama, na karakana yake ilikuwa karibu kufungwa. Fundi wake, Wesonga, baba yake Mary, aliyeyusha sufuria za mkewe, akamimina pistoni kwenye kalibu ya mchanga. Lori lililofungwa pistoni hiyo likaenda Webuye na kurudi. Kiwanda kizima kilianzia hapo. Miaka mingi baadaye tanuri lilimpofusha Wesonga, naye akarudi nyumbani Turbo.

Jana Kipyego alisoma kadi aliyoiandika Cyril, akaona aibu. Alfajiri akaichana, akabeba pistoni hadi kwa Wesonga.

"Nilitaka aishike kabla watu hawajanipigia makofi," alisema. Kisha akamgeukia Mary. "Nisamehe, mama. Nilienda kumshukuru baba yako, nikakuumiza wewe."

Cyril naye alimwomba Mary msamaha. Nabalayo alitangaza kwamba hapakuwa na wizi, akakubali kubaki kwa sherehe.

Mchana gari la Kipyego lilimleta Wesonga, pistoni ikiwa mapajani. Wafanyakazi walisimama, wakapiga makofi kwa muda mrefu. Wesonga aliinua mkono wanyamaze.

"Mimi nilikuwa na moto tu," alisema. "Sufuria zilikuwa za Nasike. Mshukuruni yeye kwanza."

Nasike, aliyekuwa amemshika mkono mumewe, aliinama akicheka. Alisema kwamba kwa siku nyingi walipika kwa sufuria za jirani, na ugali haukuwahi kuwa mtamu vile.